Mtoto wa Jicho

Shangazi Thuwaiba alichora mbiombio
kama mtu anayeanua nguo mvua ikija,
na Ruwi mvua haiji.
Alichokimbizana nacho ni jua
likishuka ukutani kwa Mbaluchi muuza vitasa,
kutoka rangi ya maziwa yenye hiliki
hadi rangi ya ukoko wa wali.
Robo saa, alisema. Ukizidisha
unachora unachokikumbuka,
na kumbukumbu ni mwongo mwenye adabu.

Asubuhi alikuwa karani wa posta,
akipiga taipu barua za watu wengine.
Saa kumi alipanda paani
na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa rangi,
brashi kazifunga kwa uzi wa kushonea kofia,
na mimi, miaka saba, kwa ujira wa kipande cha halua.
"Kaa. Tulia. Usitulie sana.
Anayetulia sana ni maiti."

Alinichora nikichambua mchele,
nikimpakata mdogo wangu anayeota meno,
nikilala chini ya feni, mdomo wazi.
Hakunitia macho wala pua:
doa la waridi, doa la chungwa, basi.
Mama akasema afadhali, hivyo si dhambi.
Shangazi akasema dhambi haihusiki,
kwa umbali ule macho hayaonekani,
nendeni mkatazame.

Nyeusi hakuinunua maisha yake.
Alitundika buibui lake kambani
akanifundisha kulisoma: hapa zambarau,
hapa kijani cha shingo ya njiwa,
hapa penye mkunjo, buluu
inayotaka kusema kitu ikasita.
Nikabisha. Buibui ni jeusi, kila mtu anajua.
"Kila mtu anajua," akasema,
"na hakuna aliyetazama."

Mwaka wa maonyesho, ukumbi wa Kurum:
ngome, jambia, farasi, ngome tena,
kila jiwe limehesabiwa.
Yake waliiweka karibu na birika la chai.
Nguo za watoto kambani, saa nne asubuhi.
Bwana mmoja mwenye beji akamwuliza kwa upole,
utaimaliza lini?
Shangazi akanywa chai yake yote kwanza.
"Hiyo saa nne imekwisha, bwana.
Ilikwisha saa nne na robo."

Tuliirudisha kwa teksi, imefunikwa shuka.
Dereva akadhani ni kioo,
akavuka matuta kama aliyepakia mayai.

Miaka ikaenda, picha zikaanza kuwa kahawia.
Ukuta wa Mbaluchi ukageuka mkate.
Hatukumwambia. Tulidhani ni uzee,
au huzuni, au ndiyo sanaa yenyewe.
Daktari akamulika, akasema: mtoto wa jicho.
Na shangazi, asiyeolewa, asiyezaa,
aliyechora watoto wa watu miaka arobaini,
alicheka mpaka nesi akaja mbio.
"Kumbe ndiye huyu!
Kachelewa kuja, na kaja kunizibia dirisha."

Bandeji ilipotoka
alishika mkono wa gauni la nesi, jeupe,
akaulizia buluu ile nani aliificha.
Jioni hiyohiyo alipanda paani, tumemkataza,
na kitambaa na mafuta ya taa.
Alizifuta picha tatu za kahawia.
Ya nne akaisimamia muda mrefu.
"Hii iacheni. Ndivyo nilivyoona."

Buibui lake ninalo mimi.
Kuna tone la rangi kwenye upindo, silifui.
Wakati mwingine nalianika paani saa kumi,
nakaa juu ya kopo lililopinduliwa.
Zambarau naipata. Buluu, kwa mbali.
Kijani cha njiwa bado,
na jua limeshafika kwenye vitasa.